Matangi ya Mafuta Yaliyofukiwa Majumbani: Jinsi ya Kuyapima na Kuyaondoa

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, nyumba haikaliki bila ya kupashwa joto. Kaskazini-mashariki ya Marekani, katika majimbo kama vile New Jersey, New York, Connecticut na Massachusetts, familia nyingi zimekuwa zikitumia mafuta kwa kazi hiyo. Mafuta hayo hayatofautiani sana na dizeli. Huchomwa katika tanuri lililo chini ya nyumba, na joto lake husambazwa vyumbani kwa maji moto, kwa mvuke au kwa hewa. Kila familia hulazimika kuweka akiba ya mafuta, na akiba hiyo huhitaji chombo kikubwa. Hicho ndicho chanzo cha matangi tunayokusudia kuyaeleza katika makala haya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilijengwa nyumba nyingi mpya, na ili kuokoa nafasi, matangi ya chuma yalifukiwa bustanini kando ya nyumba. Aghalabu tangi moja lilichukua galoni 550 za Kimarekani, yaani lita 2,080 hivi, au galoni 1,000, yaani lita 3,785. Vilivyoonekana juu ya ardhi ni vichwa vya mabomba mawili tu: moja la kujazia mafuta na jingine la kupitishia hewa.

Baadaye, hasa baada ya bei ya mafuta kupanda ghafula mwaka 1973, wenye nyumba wengi waligeukia gesi asilia au umeme. Tanuri la zamani liliondolewa na mabomba yakakatwa, lakini tangi mara nyingi liliachwa pale pale, pengine likiwa na mafuta yaliyobaki. Nyumba ikauzwa, kisha ikauzwa tena. Mwenye nyumba wa tatu au wa nne huweza kuishi miaka mingi bila kujua kwamba chini ya majani wanapochezea wanawe pana tangi la chuma linaloliwa na kutu.

Siku anapotaka kuiuza nyumba hiyo, mnunuzi huuliza maswali matatu: Je, lipo tangi? Lina mafuta kiasi gani? Je, limevuja? Swali la tatu ndilo zito. Kusafisha udongo na maji yaliyochafuliwa huweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola, na mikataba mingi ya bima ya nyumba hailipi hasara ya namna hiyo. Aidha, pale ambapo majirani hunywa maji ya visima, jambo hilo si la fedha tu, bali ni la afya pia. Msomaji ataona kwamba majibu ya maswali hayo matatu yamo katika hesabu, fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari.

KWA NINI CHUMA HUOZA ARDHINI

Udongo wenye unyevu una chumvi zilizoyeyuka, na kwa hiyo hupitisha umeme. Chuma kilichofukiwa katika udongo huo huwa sawa na betri ndogo. Katika sehemu moja ya tangi, iitwayo anodi, atomi za chuma hupoteza elektroni na kuingia majini zikiwa ioni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Katika sehemu nyingine, iitwayo kathodi, elektroni hizo hupokewa na oksijeni pamoja na maji:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Sehemu ipi itakuwa anodi? Sehemu ya juu ya tangi imo katika udongo unaofikiwa na hewa, na kitako chake kimelala katika udongo wenye maji na uhaba wa oksijeni. Palipo na oksijeni chache ndipo panapogeuka kuwa anodi, na ndipo chuma kinapoliwa. Kwa sababu hiyo kitako huoza upesi kuliko mgongo. Fundi anayefukua mgongo wa tangi na kuuona mzima hana haki ya kusema kwamba tangi lote ni zima.

Kutu huanza ndani pia. Hewa inayoingia kwa bomba la kupumulia huleta unyevu, na unyevu huo hugeuka kuwa matone ya maji usiku wa baridi. Maji ni mazito kuliko mafuta. Lita moja ya maji ina tungamo la kilo 1, na lita moja ya mafuta haya ina kilo 0.85 hivi. Basi maji huzama mpaka kitakoni na kukaa hapo miaka na miaka, yakiozesha chuma kutoka ndani.

Yapo pia madhara ya upimaji wenyewe. Fimbo ya kupimia huteremshwa kwa bomba la kujazia na kugonga kitako mahali pale pale kila mara. Mahali hapo hukwaruzika na kubaki peupe mbele ya maji na kutu. Ndiyo sababu tundu la kwanza huweza kuonekana chini kabisa ya bomba la kujazia.

KULITAFUTA TANGI

Mtafutaji huanza kwa macho. Hutazama kama kuna kichwa cha bomba ukutani au kati ya maua, au mirija miwili myembamba ya shaba iliyokatwa na kuachwa katika ukuta wa chumba cha chini. Dalili hizo zikipatikana, hutumia kifaa cha kupima uga wa sumaku wa dunia. Tangi la chuma huupotosha uga huo, na mshale wa kifaa huonyesha tofauti mtafutaji anapopita juu yake. Kifaa kingine ni rada ya ardhini, ambayo hupeleka mawimbi ya redio katika udongo na kupokea mwangwi wake. Udongo wa mfinyanzi wenye maji mengi huyafifisha mawimbi hayo, na kwa hiyo rada hufaa zaidi katika udongo wa mchanga mkavu.

SILINDA ILIYOLALA

Mwalimu anapochora silinda ubaoni, kwa kawaida huichora imesimama. Ujazo wa silinda iliyosimama hukua sawasawa na kina: kina kikiwa robo ya urefu, ujazo nao ni robo. Tangi lililofukiwa, hata hivyo, hulazwa. Hapo kina hupimwa kwa kufuata kipenyo cha duara, na uhusiano ule mwepesi hauko tena.

Tuchukue tangi la galoni 550 lenye kipenyo cha mita 1.22 na urefu wa mita 1.83. Ujazo wake wote ni π × 0.61² × 1.83, yaani mita za ujazo 2.139 au lita 2,139. Hesabu hii huzidi kidogo ukubwa unaotajwa na kiwanda, nayo yatosha kwa mfano wetu.

Fimbo ikionyesha kina cha k, mafuta hujaza kipande cha duara kilicho chini ya mstari wa k. Eneo la kipande hicho ni:

r²α − (r − k)√(2rk − k²)

Hapa r ni nusukipenyo, na α ni pembe, kwa radiani, ambayo kosaini yake ni (r − k)/r. Eneo hilo likizidishwa kwa urefu wa tangi, ujazo wa mafuta hupatikana. Kwa tangi letu matokeo ni haya:

Kina sm 12.2 (sehemu ya kumi ya kipenyo): lita 111
Kina sm 24.4 (sehemu mbili za kumi): lita 305
Kina sm 36.6 (sehemu tatu za kumi): lita 540
Kina sm 48.8 (sehemu nne za kumi): lita 799
Kina sm 61.0 (nusu): lita 1,070
Kina sm 97.6 (sehemu nane za kumi): lita 1,834
Kina sm 122.0 (tangi limejaa): lita 2,139

Mtu asiyejua hesabu hii, akiona fimbo imelowa hadi sm 30.5, ambayo ni robo ya kipenyo, atadhani kwamba ana robo ya tangi, yaani lita 535. Kwa kweli ana lita 418. Amekosea kwa lita 117, na katika wiki ya theluji kosa hilo laweza kumwacha bila moto.

Jambo jingine lafaa kuangaliwa. Sentimita ya kwanza kutoka kitakoni ina lita 2.7 tu, kwa sababu duara ni jembamba huko chini. Sentimita iliyo katikati ina lita 22 na zaidi. Fimbo ni ile ile, na alama zake zimepishana sawasawa, lakini thamani ya kila alama hubadilika kadiri mafuta yanavyopanda au kushuka.

Itakuwaje kama urefu wa tangi haujulikani, kwa kuwa limefukiwa? Kipenyo hupatikana kwa fimbo, kwa kupima umbali kutoka kitakoni hadi dari ya ndani ya tangi. Urefu waweza kupatikana wakati wa kujaza. Ikiwa lita 223, zilizopimwa kwa mita ya lori la mafuta, zimepandisha kina kutoka sm 56 hadi sm 66, basi tumeongeza tabaka lenye unene wa mita 0.10 na upana wa karibu mita 1.22. Tukigawa 0.223 kwa (1.22 × 0.10) tunapata mita 1.83. Tumeupima urefu wa kitu tusichokiona.

MIPAKA YA FIMBO

Je, fimbo hiyo hiyo yaweza kutuambia kama tangi linavuja? Tufikirie tundu dogo linalotoa tone moja kila baada ya sekunde 10. Kwa siku hutoka matone 8,640. Tukichukua matone 20 kuwa mililita 1, hayo ni mililita 432 kwa siku, au lita 158 kwa mwaka. Kwa udongo wa bustani hicho si kiasi kidogo. Lakini tangi likiwa nusu, mililita 432 hushusha kina kwa milimita 0.2 tu. Hakuna jicho linaloweza kusoma tofauti hiyo katika fimbo ya mti iliyolowa mafuta.

Mtu atasema: tungoje siku kumi, tofauti ikue. Hapo linaingia jambo la joto. Mafuta ya namna hii hupungua kwa kiasi cha sehemu 0.0008 za ujazo wake kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi yanapopoa. Lita 1,070 zikipoa kwa nyuzi 5, hupungua lita 4.3. Siku kumi za kuvuja nazo hupunguza lita 4.3. Basi mpimaji aliyeona kina kimeshuka kwa milimita 2 hawezi kujua kama mafuta yamevuja au yamepoa, isipokuwa amepima na joto lake.

Hata kina kisiposhuka, mtu asitulie. Tuseme tangi lina mafuta ya kina cha sm 100. Kanieneo yake kitakoni ni sawa na ile ya maji ya kina cha sm 85. Ikiwa maji ya ardhini yaliyolizunguka tangi yamepanda zaidi ya sm 85 kutoka usawa wa kitako, kanieneo ya nje hushinda ile ya ndani. Mafuta hayatoki kwa tundu la kitako; maji ndiyo yanayoingia. Fimbo itaonyesha kina kinaongezeka, na mwenye nyumba atafurahi bure. Wakati wa kiangazi maji ya ardhini yakishuka, mwendo hugeuka na tangi huanza kutoa. Ndiyo sababu mpimaji hodari hupaka ncha ya fimbo dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, na maji yakionekana kuongezeka kitakoni, hulitilia tangi shaka.

Fimbo, basi, yatosha kumwambia mtu kama akiba yake itafika mwisho wa mwezi. Haitoshi kumthibitishia kwamba tangi lake ni zima. Hizo ni kazi mbili mbalimbali, na usahihi unaotakiwa katika kazi ya pili ni mkubwa mara nyingi kuliko ule wa kwanza.

KULIONDOA

Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya sheria ya taka yaliyoweka matangi ya chini ya ardhi, hasa yale ya vituo vya petroli, katika usimamizi wa taifa. Matangi ya mafuta ya kupashia joto yanayotumiwa pale pale yalipo hayakuingizwa. Kwa hiyo kila jimbo, na mara nyingi kila mji, una kanuni zake. Hata hivyo hatua za kazi hufanana.

Kwanza hupatikana kibali cha serikali ya mji. Kisha hupigwa simu namba 811, ili mabomba ya gesi, maji na nyaya za umeme zilizo chini ya ardhi zitiwe alama kabla ya kuchimba. Mafuta yaliyobaki hufyonzwa kwa pampu na kupelekwa mahali panaporuhusiwa.

Hatua inayofuata ndiyo ya hatari. Tangi lililotolewa mafuta halikosi mvuke wake. Mafuta ya kupashia joto hayashiki moto kwa wepesi wa petroli, maana huhitaji kufikia nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi ndipo mvuke wake uweze kuwaka kwa cheche. Lakini msumeno au moto wa kukatia chuma huzidi joto hilo kwa mbali. Kwa sababu hiyo mvuke hupunguzwa kwa kupitisha hewa, au kwa kutia barafu kavu, ambayo ni kaboni dayoksaidi iliyoganda. Kilo 1 ya barafu hiyo hutoa lita 540 hivi za gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hulala kitakoni na kuisukuma oksijeni nje, na pasipo oksijeni hapawaki moto. Lakini pasipo oksijeni mtu naye hapumui. Hakuna anayeruhusiwa kuingia ndani ya tangi, au kuingiza kichwa, kabla hewa yake haijapimwa kwa kifaa na kuonekana kuwa salama.

Baada ya hapo udongo hufukuliwa, tangi hutobolewa, matope ya mafuta hukombwa na kuta zake hufutwa. Ndipo linaponyanyuliwa kwa mashine.

Pengine tangi liko chini ya ukuta au mti mkubwa, na kulitoa kungeiharibu nyumba. Mahali ambapo kanuni zinaruhusu, husafishwa na kujazwa mchanga au zege jepesi. Halifai kuachwa tupu. Tangi letu likizingirwa na maji husukumwa juu, kwa kanuni ya Archimedes, na kani iliyo sawa na uzito wa kilo 2,139 za maji. Chuma chake, kikiwa na unene wa milimita 3, kina kilo 220 tu. Kinachobaki kulizuia ni udongo ulio juu yake, na mvua nyingi zikinyesha udongo huo huenda usitoshe. Vilevile tangi tupu lililooza huweza kubomoka siku moja chini ya miguu ya mtu.

USHAHIDI WA UDONGO

Tangi likishatoka, hukwanguliwa na kukaguliwa pande zote. Matundu ambayo fimbo haikuyaona kwa miaka 30 sasa huonekana kwa macho, mengine madogo kama tundu la sindano. Lakini shahidi mkuu ni shimo lenyewe. Udongo wa chini na wa kando huchukuliwa sampuli na kupelekwa maabara, ambako hupimwa kiasi cha mafuta yaliyomo. Sampuli zikiwa safi, shimo hujazwa na mwenye nyumba hupewa hati. Zikiwa chafu, udongo huendelea kuchimbwa mpaka ulio safi ufikiwe, na maji ya ardhini hupimwa pia.

Upimaji wa maji ni wa lazima kwa sababu mafuta yaliyovuja huteremka kati ya chembe za udongo, na yakifika kwenye maji huelea juu yake na kutambaa yakifuata mwendo wake. Sehemu ndogo ya mafuta huyeyuka, hasa kampaundi za jamii ya benzini na naftalini, na hiyo ndiyo inayoweza kufika katika kisima cha jirani. Bakteria wa udongoni huweza kuyala mafuta, lakini kwa kazi hiyo huhitaji oksijeni, nayo ni haba huko chini. Ndiyo maana uchafu wa miaka mingi huweza kukutwa ukingali unanuka.

SOMO KWA SHULE ZETU

Hapa Afrika ya Mashariki hatupashi nyumba joto kwa mafuta, lakini matangi yaliyolazwa chini ya ardhi tunayo. Kila kituo cha petroli kina matangi ya namna hiyo, na fimbo ya kupimia hutumiwa huko pia. Jedwali linaloigeuza sentimita kuwa lita linatokana na hesabu ile ile ya kipande cha duara.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa kopo refu la plastiki linaloonyesha ndani. Lilazwe na kuzuiwa lisibingirike, kisha litobolewe tundu upande wa juu. Wanafunzi watie maji, kikombe kimoja kimoja cha kipimo sawa, na kila mara wapime kina kwa rula. Wakichora grafu ya ujazo kwa kina, hawatapata mstari ulionyooka. Watapata mchirizi unaopanda polepole mwanzoni, upesi katikati, na polepole tena mwishoni. Kisha waulizwe: mkikosea kusoma rula kwa milimita 2, kosa la ujazo litakuwa kubwa zaidi wapi, karibu na kitako au katikati?

Atakayelijibu swali hilo kwa grafu yake mwenyewe atakuwa ameelewa kwa nini tangi la bustanini huweza kuvuja miaka mingi na fimbo isiseme neno. Fimbo haikusema uongo. Ilisoma kina kwa kadiri ya uwezo wake. Anayekosea ni mtu anayeitaka imweleze jambo lililo nje ya uwezo huo. Kabla ya kukiamini kipimo chochote, yatupasa kuuliza kwanza kasoro yake ni kiasi gani, na kama kitu tunachokitafuta ni kikubwa kuliko kasoro hiyo.